Thelathini na Sita Zilizotolewa

Pirihira alishuka basi la asubuhi akiwa amelikumbatia sanduku la mbao ya totara, mti wa misitu ya kwao, ambalo kaka yake aliliranda wiki nzima. Lilikuwa tupu. Alikuja mjini kulijaza.

Jumamosi, jiwe la kaburi la mwanawe Tamahou lingefunuliwa mbele ya ukoo mzima, na Pirihira alikuwa ameshaapa: jiwe halifunuliwi juu ya mtu aliyepungua. Na Tamahou alikuwa amepungua. Mwaka mmoja kabla moyo wake haujasimama katika banda la kunyolea kondoo, mashine ikiwa bado inanguruma mkononi, alikubali kukatwa kipande cha ngozi kama punje ya dengu. Alimpa Hinewai, binti wa mjomba wake, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu. Hinewai akakirudisha kipande kile utotoni, kikawa seli shina, na seli shina akazilea mpaka zikawa nyama ya moyo. Ndivyo alivyowaeleza watu siku moja kwenye marae, uwanja wa mikutano wa ukoo wao, wakampigia makofi. Pirihira hakupiga.

Hakupiga kwa sababu hasahau. Mwaka 1974 lilikuja gari jeupe, akatoka bwana mwenye sindano, akachota damu ya watu arobaini, mama yake Pirihira akiwemo. Watoto walipewa biskuti mojamoja. Majibu mpaka leo hayajarudi. Mama alipoanguka na kufa, daktari mwingine akasema ni mafuta, punguzeni mkate wa kukaanga. Mjomba, ndugu yake mama, naye alipoanguka, wimbo ukawa uleule: mkate. Pirihira aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne. Sheria alijifundisha mwenyewe jikoni alikowapikia wanyoaji wa kondoo, kitabu kimejaa unga, na tangu hapo hakuna barua ya mkubwa yeyote aliyoiacha bila jibu.

Mfukoni alikuwa na taarifa ya mwaka kuhusu zile seli ambayo Hinewai aliwatumia ndugu. Ukurasa wa nne, mstari wa chini: "Zilizotolewa: 36." Alikuwa ameusoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo. Zilizotolewa kwenda wapi? Kwa nani?

Mlinzi wa jengo la chuo kikuu, Mtonga mmoja mnene wa visiwani aitwaye Viliami, alilitazama sanduku.

"Mama, humo mna nini?"

"Hamna kitu. Niulize nikitoka."

Viliami akacheka, akamsindikiza hadi mlango wa maabara. Pembeni, sakafuni, kulikuwa na chupa ya maji.

"Hii ya nani?"

"Ya Hinewai. Kila akitoka humo ananawa, anajirashia na kichwani. Huwa namtania, dada, unatoka kazini au unatoka makaburini?"

Pirihira hakucheka. Kwao mtu hunawa hivyo anapowaacha wafu, basi. Kwa hiyo msichana anajua. Kwenye karatasi anaandika "sampuli", lakini mikono yake inasema maiti. Na mtu anayejua hili akaandika lile, huyo ana jambo analificha.

Hinewai akatokea, koti jeupe, macho ya mtu asiyelala.

"Shangazi! Si ungesema, nikaja kukupokea stendi?"

"Ndiyo maana sikusema."

"Na hilo sanduku?"

"La mwanangu. Nimekuja kumchukua. Ila kwanza nionyeshe ulichokibakisha."

Hinewai alimkalisha mbele ya hadubini. Mwanzoni Pirihira aliona ukungu tu. Halafu ukungu ukapata kingo, na ndani yake kipande cha kijivu kikawa kinajikunja na kujikunjua. Kinadunda. Moja, mbili, tatu. Kimya. Halafu mbili za harakaharaka, kama mtu aliyejikwaa ngazini.

Mdundo ule aliujua. Aliusikia kwa kiganja, Tamahou akiwa na miezi minne, akampeleka zahanati, na nesi akamwambia, mama, ni wasiwasi wako tu.

"Zinakula nini hizi?"

"Maji yenye sukari na chumvi, Shangazi. Na virutubisho vya chupani."

"Mkate wa kukaanga?"

"Hapana."

"Hata kipande?"

Hinewai alianza kucheka, akauona uso wa shangazi, akaacha. "Hata kipande. Kosa limo kwenye jeni. Tunazaliwa nalo."

"Liandike hilo kwa herufi kubwa. Majina ya wale madaktari nitakupa mimi, ninayo yote." Akaisukuma hadubini. "Sasa. Thelathini na sita. Umemuuzia nani?"

"Kuuza? Shangazi, mimi?"

"Yule wa biskuti naye alikuwa na uso mzuri kama wako."

Hinewai aligeuka. Akaenda kufunga mlango kwa ufunguo, na Pirihira akajiambia: ndiyo, hapa ndipo penyewe. Msichana akafungua kabati lake, akatoa kikapu cha kitani kilichosukwa kwa mkono.

"Seli zikijaa kwenye kisahani lazima zigawanywe," alisema polepole. "Zinazozidi zinatolewa. Sheria ya hapa ni kuzimwagia jiki na kuzitupa na taka. Nilishindwa. Nimezikausha, kila mkupuo na kichupa chake, nikaziweka humu. Wakijua wananifukuza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nakuibia mwanao ili nisikutupie mwanao?"

Pirihira alikipokea kikapu, akaanza kuhesabu vichupa vidogo, kimoja kimoja, kwa sauti. Akafika mwisho. Akarudia.

"Thelathini na tano."

"Kimoja kilianguka, Shangazi."

"Haya, tumefika! Kilianguka!"

"Nilifuta sakafu kwa kitambaa. Angalia chini."

Ndani ya kikapu, chini kabisa, kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri, na tarehe imeandikwa pembeni kwa wino. Pirihira alikishika muda mrefu. Kisha akavipanga vichupa sandukuni, na kitambaa juu yake.

"Na zile zinazodunda?"

"Nipe miezi kumi na moja. Nazijaribia dawa. Tiahuia amelirithi kosa la baba yake. Nataka tujue dawa gani itamfaa, kabla hajafika umri wa kuanguka."

Tiahuia, mjukuu wake wa miaka minane, asiyejua kutembea bila kukimbia. Pirihira aliomba kalamu na ile fomu ya idhini aliyoitia sahihi Tamahou. Humo alikata neno "sampuli" kila lilipotokea, mara kumi na tisa, na juu yake akaandika TAMAHOU.

"Miezi kumi na moja. Kila mwezi nakuja kuhesabu. Za mwisho nazibeba mimi, hata kama hujapata hiyo shahada."

"Na Jumamosi?"

"Jiwe litafunuliwa. Nitawaambia ukoo ukweli, kwamba mwanangu bado hajatimia, na kaburi litafunguliwa tena kidogo kuzipokea hizo za mwisho. Wakinung'unika, wanung'unikie kwangu."

Nje ya mlango Hinewai alinawa, akajirashia kichwani, akamnyooshea shangazi yake chupa. Pirihira alitikisa kichwa.

"Mtu ananawa akishawaacha. Mimi bado niko naye."

Viliami aliinua macho mezani. "Mama, ulisema nikuulize ukitoka. Humo mna nini?"

"Mna mwanangu," alisema Pirihira, akalikaza sanduku kifuani. "Nifungulie mlango."