Siku Niliyogoma Kumtemea Nalepo

Kwetu huku juu, upande wa magharibi wa mlima, mtoto haondoki nyumbani mkavu. Mzee anamshika kichwa, anamtemea mate kidogo, yale mepesi kama umande, anasema Mungu akutangulie. Ukiwasimulia watu wa mbali wanakunja uso, wanaona kama matusi. Kwetu sisi tusi ni kunyimwa. Mzee akikunyima mate yake, watu wote wanaanza kuulizana umemkosea nini.

Mjukuu wangu Nalepo tumemlea mimi na bibi yake, Nosim, tangu akiwa wa kubebwa. Siku ya mtihani wa darasa la saba alitoka mbio asubuhi, mimi nikiwa zizini nahangaika na ndama mmoja mkorofi, yule wa baka jeupe. Mtoto kafika karibu na geti la shule, akakumbuka. Karudi njia yote ile anahema, kainamisha kichwa. "Babu, fanya haraka!" Nikamtemea, akakimbia tena. Akafaulu. Sasa mimi sijui ni mate au ni kichwa chake mwenyewe. Ukimuuliza yeye anasema vyote.

Basi sasa yuko chuo, mjini. Chuo chao kina mafunzo ya kuhudumia jamii. Yaani kabla hawajakupeleka kata ya mbali kuishi na watu miezi kadhaa, wanakufundisha kwanza uraia: haki za mtu, wajibu wa mtu, mkutano wa kijiji unavyoitishwa. Halafu wanakufundisha afya ile ya kawaida, kufunga kidonda, kunawa mikono, kumjua mtu anayeumwa hata kama mwenyewe anaficha. Mazoezi wanafanyia vijijini, na safari hii wakaletwa kwetu. Ukaona fulana za bluu kila kona, wawili wawili, wanapiga hodi nyumba kwa nyumba. Nalepo alipangwa na Gurmeet, binti wa Singasinga wa kule Sakina. Babu yake, Balwant, namfahamu sana, ndiye alinitengenezea mashine ya kusaga mwaka ule wa mvua kubwa, akakataa kuondoka mpaka ale makande. Mtu mzuri. Lakini hayo tuyaache.

Mimi nilikuwa nakohoa. Wakaja kwangu.

"Babu, shikamoo," akasema Gurmeet.

"Marahaba mjukuu. Karibuni chai."

"Chai baadaye," Nalepo akasema. "Babu, unakohoa tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Nosim akapaza sauti kutoka jikoni. "Mwongo huyo! Tangu tuvune mahindi. Na akilala anatoka jasho mpaka shuka unaweza kuikamua."

"Wewe mama, uko upande gani?"

"Upande wa shuka. Nafua mimi."

Nalepo akatoa kikopo kidogo chenye mfuniko. Akasema kesho nikiamka, kabla sijala, niweke humo makohozi, wao watayapeleka zahanati. Nikamwambia sitaki.

"Jana kwenye mkutano mmesema wenyewe," nikamwambia, "raia ana haki ya kukataa. Nilikaa mbele kabisa, nilisikia."

"Tulisema na wajibu pia, babu," akasema Gurmeet. "Hapo ulikuwa umesinzia."

"Sikusinzia. Nilifumba macho nisikie vizuri."

Wakacheka, mimi nikacheka, kikohozi kikanikamata mpaka nikashika ukuta. Hakuna aliyecheka tena.

Nikamvuta Nalepo pembeni, nikamwambia ukweli. Jumamosi ndiyo walikuwa wanafunga mafunzo, na wazee tulikuwa tumeombwa tuwabariki vijana kabla hawajaondoka. Yeye alipangiwa Longido. Wakinipima sasa na kukuta kitu, Jumamosi sitemi. Wasiponipima, natema.

"Nipime Jumatatu," nikamwambia. "Ukishaondoka."

Akachezea mfuniko wa kile kikopo.

"Babu, kule Longido nakaa nyumbani kwa watu. Wana watoto wadogo. Ukinisogelea na hicho kifua, nikiugua mimi, si nitawapelekea?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi nilikuwa namuwaza yeye tu, na kichwa chake kikiwa mbele yangu kimeinama. Wale watoto siwajui, hata majina yao siyajui, lakini niliwaona kama wamekaa pale kwenye benchi yangu.

"Lete kikopo," nikasema.

Asubuhi nikaamka, nikamtaja Mungu, nikatema. Nikaweka mfuniko vizuri. Walipokuja Gurmeet akakiinua kwenye mwanga, akakitazama huku na huku.

"Babu, haya ni mate."

"Ndiyo, mate. Mlitaka nini, maziwa?"

"Tunataka makohozi. Yanatoka huku chini, kifuani."

"Mimi maisha yangu yote natema hivi na hakuna aliyelalamika."

Nalepo akakichukua, akakiona, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Gurmeet, amekibariki kikopo! Hiki kikopo kitafika mbali!"

Wakanifundisha upya kama mtoto wa chekechea. Sukutua na maji. Vuta pumzi, ishike, vuta tena, halafu kohoa kutokea chini kabisa, nje, mahali pa wazi. Kesho yake nikafanya hivyo. Kilichotoka sikielezi, labda unakula.

Ijumaa majibu yakaja. Kifua kikuu. Nesi wa zahanati akanieleza taratibu, bila kunitisha: dawa ni bure, ni miezi sita, usiruke hata siku moja, na kwa sasa vaa barakoa na ukae mbali kidogo na watu. Nosim na Nalepo nao wakapimwa, wakaonekana wazima. Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye benchi. Dawa nikaanza siku hiyo hiyo, na mkojo ukageuka rangi ya chungwa, Nosim akasema sasa angalau nina kitu cha kuwaonyesha wageni.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa shule umejaa, vijana wamepanga mstari, wazee tumesimama upande wetu. Mimi na barakoa yangu mwisho kabisa wa mstari, na Kisioki, mwenzangu wa rika moja, akaja kusimama karibu, nikamsogeza kwa fimbo. Vijana wanapita, wanainama, wazee wanatema. Ikafika zamu ya Nalepo. Hakunisogelea. Alisimama kwa mbali, akainamisha kichwa pale pale.

Mimi nikasimama tu.

"Lesikar," akasema Kisioki, "mtemee mtoto."

"Sitemi."

"Kakufanyia nini?"

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja nyuma akasema, "Hao wakienda chuo wanadharau wazee, mnaona sasa?" Nilikuwa nimejiandaa kusema koo linauma, uongo mdogo tu, nirudi nyumbani. Maana kwetu ukisema kifua kikuu, watu wanasikia mambo mengine kabisa, kikombe chako kinatengwa mpaka unakufa. Lakini nikaona hawanitazami mimi. Wanamtazama Nalepo.

Nikasema kwa nguvu, "Huyu hajanikosea kitu! Mimi ndiye mgonjwa. Nina kifua kikuu, nimeanza dawa jana. Nikimsogelea nitampa ugonjwa na yeye awapelekee watoto wa watu Longido. Namnyima kwa sababu nampenda. Anayetaka kunong'ona, anong'one juu yangu."

Kisioki akatazama chini. Nalepo akainua kichwa, macho yamejaa.

"Nitunzie baraka yangu, Babu," akasema. "Nitarudi kuichukua."

Akapanda gari mkavu. Mara ya kwanza maishani mwake.

Wakati tunarudi, Kisioki akawa anatembea ng'ambo ya barabara, mimi huku. Nikajua kutengwa ndiyo kumeanza. Kumbe anatafuta maneno. Yeye naye alikuwa anakohoa tangu mavuno.

"Hicho kikopo cha hao vijana," akaniuliza kutoka kule ng'ambo, "mtu anatema kawaida tu?"

"Hapana! Kaa hapo kwenye jiwe nikufundishe."

Miezi miwili ikapita, nikapimwa tena. Safi. Nesi akasema dawa niendelee nazo mpaka mwisho, ila sasa naweza kukaa na watu. Nikampigia Nalepo simu, nikasahau hata salamu.

Alikuja siku ya mapumziko, vumbi la Longido mpaka kwenye nyusi. Hakuweka begi chini. Akasimama mlangoni, akainamisha kichwa.

"Babu, fanya haraka."

Nikamshika kichwa. Mdomo ukakauka kabisa. Nikajaribu, hakuna.

"Leo ndiyo yameisha!" akasema Nosim.

"Niletee maji, mama, acha maneno."

Akaleta kikombe. Kikombe cha kila mtu, kile cha bluu. Nikanywa taratibu, na Nalepo bado ameinama, begi linamteleza begani, ananisubiri nimalize.