Pete Iliyogoma Kidoleni

Shuka za wodi ya wazazi zilikuwa bado kwenye maji ya pili Dobi alipovua aproni. Saa sita kamili dirisha la mahakama lingefungwa. Hukumu ya talaka ilisema arudishe kwanza pete ya uchumba kwa aliyekuwa mumewe, ndipo apewe hati. Bila hati asingepata chumba kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, maana daftari la huko lilimwandika bado kuwa mke wa mtu mwenye nyumba. Nyumba gani jamani? Ile aliyofungiwa nje kwa makufuli mawili! Chumba kilishikwa hadi leo tu.

Na pete yenyewe imegoma. Miaka tisa ya maji moto na soda ya kufulia ilikuwa imemvimbisha vidole. Alishajaribu sabuni ya kipande, ya unga na ya maji.

"Dobi mzima kashindwa na sabuni!" wenzake walimtania. "Haya nenda, shuka zako tutazisuuza."

Mungu awape nini wale wanawake? Zilikuwa shuka themanini.

Nje, kwenye benchi, alimkuta mama mkwe wake. Sheria ilishasema si mkwe wake tena, ila ulimi ulikuwa haujaisikia hukumu.

"Shikamoo, mama. Umefuata nini huku?"

"Marahaba. Nimefuata pete yangu."

Dobi aliinamisha macho. Kweli ilikuwa ya huyu mama. Siku ya uchumba kijana alikuja mikono mitupu, mama akaivua kidoleni mwake nyuma ya mlango wa jikoni na kumtilia mwanawe mfukoni. Dobi aliwaona. Mume akajigamba miaka yote kwamba kainunua, naye Dobi akamsitiri, hata mbele ya hakimu.

"Nasikia anataka kumvisha mwingine," mama alisema. "Kwa pete yangu! Hana haya. Twende kwa sonara."

Sonara alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipitisha kibati chembamba kati ya pete na nyama, akachukua msumeno mdogo. Dobi machozi yakamtoka.

"Nisamehe, mama. Naiharibu."

"Kata, fundi," mama alisema. "Kidole ndicho kinachomlisha."

Ilipotoka, Dobi alifungua pochi. Sonara akamzuia. "Mimi hulipwa kwa kuvisha. Kuvua sidai."

Mahakamani, karani aliigeuza pete kwa ncha ya kalamu.

"Hii imekatwa. Hapa imeandikwa pete, si kipande."

"Ulitaka tulete na kidole?" mama aliuliza.

Mtu mmoja kwenye foleni aliangua kicheko. Karani akakunja uso. "Na mlalamikaji yuko wapi, aje kusaini kupokea?"

"Kazini," alisema Dobi.

"Basi rudini kesho kutwa."

Kesho kutwa chumba kingekuwa na mtu mwingine. Lakini mama alikuwa ameshaweka kidole juu ya fomu.

"Nisomee hapa, baba. Macho yangu mabovu."

"Mlalamikaji au ndugu yake wa karibu."

"Nimemzaa mwenyewe. Kuna karibu zaidi ya hapo?"

Karani alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika tano, na njaa inamuuma. Akasukuma kalamu. Mama akasaini polepole, herufi moja moja, muhuri ukagongwa, na Dobi akapewa hati.

Nje mama aliitia pete mkobani na kufunga zipu.

"Ataidai, mama."

"Mlango wangu anaujua. Miezi saba hajapiga hodi."

Kwenye ofisi ya nyumba za hospitali, karani wa huko aliisoma hati mara mbili, akatafuta kosa, akakosa.

"Ndugu wa karibu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo?"

Wazazi wa Dobi walishafariki, na nafasi hiyo miaka tisa iliandikwa mume.

"Bila jina sitoi ufunguo."

"Niandike mimi," alisema mama.

"Wewe ni nani wake?"

"Mama."

Karani alirudi kwenye hati, akaiona saini ya mama. "Lakini jina lako ni la ukoo wa aliyekuwa mumewe. Fomu haina nafasi ya mkwe wa zamani."

"Nani kataja mkwe? Nimesema mama."

"Ukidanganya kwenye fomu hii, utashtakiwa."

"Nishtakini. Njia ya mahakamani nimeshaijua leo."

Foleni ilianza kunung'unika. Karani akaandika, akautupa ufunguo juu ya meza.

Dobi aliushika kwa mkono wake uliovimba. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya huyu mama, maana ndoa yote ile haikumpa kitu kizuri kuliko yeye.

"Asante, mama."

"Asante ya nini? Tukatafute ufagio. Sijui waliotoka humo wameacha uchafu gani."