Dawa ya Mara Nne kwa Siku

Kwetu Unguja ukitaka kuonana na watu, fiwa au ugua. Harusi siku hizi ina kadi, na kadi inabagua. Msiba na maradhi havina kadi: watu huja wenyewe, huvua viatu mlangoni, husema pole, na asiyekuja husemwa mtaa mzima.

Bi Mwanakhamis alikuwa hajafiwa muda mrefu, kwa sababu watu wake wa kufa walishakufa. Mumewe ndiye aliyekuwa wa mwisho. Akabaki na fleti ya Michenzani, ghorofa ya nne, na roshani yenye makopo ya mrehani. Mwanawe mmoja tu, Mudrik, fundi wa viyoyozi kwenye mahoteli ya shamba, nje ya mji, alijenga Chukwani akahamia huko na mkewe Muzdalifa. Walimchukua mama akakae nao. Alikaa wiki chache, akafunga vyake akarudi.

"Nyumba nzuri," aliwaambia majirani. "Lakini asubuhi wote wanatoka, nnabaki mie na geti."

Alidhani Michenzani atakuwa na majirani, na kweli walikuwapo. Lakini kila mtu ana shughuli zake, na ngazi za ghorofa ya nne si mchezo. Zilipita siku asiseme na mtu ila muuza samaki, tena kwa kupiga kelele kutoka roshanini. Mudrik alikuja Ijumaa hii, Ijumaa ile haji. Nalisema hili mapema maana watu ni wepesi kuhukumu: hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto mwema aliyechoka.

Basi siku moja Bi Mwanakhamis alimaliza kukuna nazi, akainuka juu ya mbuzi bila kuangalia, na yale meno ya chuma yakamparura muundi wa mguu. Kidonda chenyewe si kidonda. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akakisahau. Baada ya siku chache mguu ukavimba, ngozi ikawa nyekundu, ya moto, inang'aa, na mwenyewe analala anatetemeka kwa homa. Salhiya wa ghorofa ya tatu, aliyepanda kuazima ungo, ndiye aliyemkuta. Akampigia simu Mudrik.

Daktari Wakil wa zahanati aliubonyeza mguu taratibu, kisha akachukua kalamu akachora mstari kuzunguka pale palipoiva.

"Wekundu huu ukivuka mstari, mleteni mbio," akamwambia Mudrik. Akauliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru mgonjwa. Alipoambiwa hakuna, akaandika sefaleksini, kapsuli, mara nne kwa siku kwa wiki nzima. "Bi Mkubwa, kuna vijidudu vimeingia kwenye ngozi, na dawa hii inaviua. Utaona nafuu mapema. Ukiona nafuu usiache. Zimalize zote."

"Hizo mara nne ntazijuaje, mwanangu? Mie saa sizitazami."

"Unasali?"

"Astaghfirullah! Neno gani hilo?"

"Basi alfajiri, adhuhuri, magharibi, na moja ukitaka kulala."

"Na alasiri?"

"Alasiri pumzika," akasema daktari, na Mudrik akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Habari ikashuka ngazi na watu wakazipanda. Wakaja wa jengo lile na wa jengo la pili. Wakaja wa madrasa ya kina mama. Kazija, wifi yake, akaja kutoka Kizimkazi na madafu na pweza mkavu, akalala siku mbili. Kila mmoja alitaka kuonyeshwa ule mstari, na kila mmoja alikuwa na lake: huyu kasema majani ya mpera, yule kasema jicho la mtu. Viatu vilijaa mpaka nje kwenye ngazi. Bi Mwanakhamis aliketi juu ya kitanda na kanga mpya, mguu juu ya mto, na ukimtazama vizuri ungeona katia wanja. Sijapata kuona mgonjwa mwenye wanja, lakini ndivyo alivyokuwa.

Na jioni alikuja Mudrik. Kila jioni, moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la viyoyozi bado kichwani. Walikula sinia moja, mama na mwana, kama zamani. Mama alimwekea mwanawe mnofu wa samaki upande wake, naye akaula wote. Usiku Bi Mwanakhamis alilala anamshukuru Mungu, na sidhani kama alikuwa anashukuru kwa ajili ya mguu.

Tatizo ni kwamba dawa ilifanya kazi. Homa ikatoka. Uvimbe ukashuka. Wekundu ukarudi nyuma ya mstari, siku hii kidogo, siku ya pili zaidi. Wageni wakasema, "Alhamdulillah, ushapoa," wakavaa viatu vyao. Huendi kumtazama mzima. Kesho yake alikuja Salhiya peke yake kurudisha ungo, akasimama mlangoni hakuingia. Siku iliyofuata hakuja mtu. Bi Mwanakhamis alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akapakua sinia la watu wawili, akangoja. Mudrik akapiga simu.

"Mama, nnasikia mguu umepoa. Leo niko Nungwi, ntachelewa. Ntakuja Ijumaa, inshallah."

"Inshallah, mwanangu."

Akala upande wake wa sinia. Upande wa pili akautazama tu, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa kanga haraka haraka ingawa hapakuwa na wa kumwona. Waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hawakutwambia dhiki ikisha inakuwaje.

Alipomaliza kusali magharibi alitoa kapsuli akaiweka kiganjani. Ilikuwa nyepesi, haina uzito hata wa punje ya karafuu. Akaona hii ndiyo iliyowafukuza watu wake. Akafungua mkebe wa udi, akaitia humo, akafunika. Na ya kulala akaitia humo. Na za kesho.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, hayo tunayajua. Huyu maradhi yake aliyaonyesha kila mtu. Alichoficha ni dawa.

Wekundu ulirudi. Kwanza ukaufikia mstari, kisha ukauvuka ukapanda kuelekea goti. Homa ikamrudia, na watu wakarudi. "Maskini Bi Mwanakhamis, kumbe ilikuwa haijatoka!" Viatu vikajaa ngazini tena. Mudrik hakungoja jioni. Aliacha kazi asubuhi akaja na gari ya kuazima, akamshusha mama yake ngazi zote nne mgongoni. Bi Mwanakhamis aliliweka shavu lake kwenye bega la mwanawe, mguu unamuuma anataka kupiga kelele, na hakutaka ngazi ziishe.

Safari hii Daktari Wakil hakutania.

"Dawa unakunywa, Bi Mkubwa?"

"Nnakunywa."

"Zote nne?"

"Zote."

Daktari akamgeukia Mudrik. "Basi dawa imeshindwa. Huenda vijidudu hivi havisikii. Leo alazwe, apigwe sindano. Ikiingia kwenye damu tutakuwa tunazungumza habari za kuupoteza mguu, au makubwa zaidi."

Mudrik akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na bahati palikuwa na benchi. Bi Mwanakhamis aliuona uso wake. Hajamwona vile tangu alipokuwa mtoto ametumbukia kisimani Kizimkazi akaopolewa. Aibu ikamjaa, lakini ndani ya aibu ile palikuwa na kitu kitamu, na hicho ndicho kilichomtisha.

Walipita nyumbani kwanza kuchukua nguo na kitambulisho. Salhiya akawasaidia kupanda, kisha akawaacha. Mama akakaa kitandani, mwana akapekua kabati. Kitambulisho hakionekani. Akapekua mtoto wa meza, akapekua chini ya mto, kisha akauona mkebe.

"Humo hamna kitambulisho," akasema mama yake. Akalisema kwa haraka mno.

Mudrik akafungua. Kapsuli zilikuwa zimelala juu ya udi, zimeshika harufu yake. Alizitazama, kisha akamtazama mama yake.

"Mama. Hizi nini?"

"Dawa."

"Naona dawa. Mbona ziko humu?"

Bi Mwanakhamis aliutazama mguu wake. Angeweza kusema amesahau. Mtu wa umri wake angesamehewa. Lakini alikuwa amechoka na homa, na amechoka kukaa peke yake.

"Nikipona huji," akasema.

Mudrik alitaka kupiga kelele, na haki alikuwa nayo. "Ungekatwa mguu, mama!" akasema. "Ungekufa!"

"Si mngekuja?"

Alisimama na mkebe mkononi, mtu mzima mwenye mke na nyumba. Kisha akapiga magoti palepale sakafuni, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, upande wa mguu mzima, na mama akaanza kumpangusa vumbi kwenye nywele.

Walirudi kwa Daktari Wakil wakamwambia ukweli. Daktari akampima homa tena. Akasema ikiwa dawa haikunywewa basi haikushindwa, na kwa kuwa homa bado haijapanda sana, waanze upya na pakiti mpya. Ila kila asubuhi auone mguu mpaka wekundu urudi nyuma, na usiporudi nyuma, ni kulazwa tu. "Vijidudu ukiviacha nusu, Bi Mkubwa, vinarudi na ghadhabu. Namtaka mtu wa kuhakikisha anakunywa."

"Nipo," akasema Mudrik.

Kapsuli ya kwanza aliinywa adhuhuri ile mbele ya wote wawili. Asubuhi za mwanzo Mudrik alimpeleka mwenyewe zahanati, mpaka daktari aliporidhika. Baada ya hapo ilibidi arudi mahotelini, na akawa anapiga simu. Alfajiri, adhuhuri, magharibi, na kabla ya kulala.

"Umekunywa?"

"Nshakunywa."

Mwanzo ilikuwa hivyo tu. Kisha akawa anauliza amekula nini. Kisha mama naye akawa anauliza: uko wapi, umepanda ngazi, hiyo ngazi anaishika nani? Akajua kuna hoteli Kiwengwa mgeni anataka chumba kiwe barafu na madirisha ameyaacha wazi. Akajua Muzdalifa hapendi pilipili manga. Kwa miaka walikuwa hawajazungumza vile. Watu wa kumtazama safari hii walikuwa wachache, wanasema si wameshamtazama mara mbili, na hakuwahesabu. Dawa alikunywa kwa wakati wake kuliko mtu yeyote aliyewahi kuandikiwa dawa Unguja hii. Muundi ukakauka, ngozi ikabambuka, na mstari wa kalamu ukafutika kwa maji ya udhu.

Kapsuli ya mwisho iliangukia alfajiri.

"Ndo ya mwisho hii," akamwambia.

"Alhamdulillah, mama! Umeimaliza. Hongera." Akasikika amefurahi kweli, maskini.

Adhuhuri simu haikulia. Bi Mwanakhamis akaitazama kama ina chaji, na ilikuwa nayo. Akaisogeza karibu na dirisha, labda mtandao. Magharibi haikulia. Alipika kidogo, akala kidogo, akaosha sahani moja. Hakuwa na haki ya kumlaumu mtu: dawa imekwisha, mguu mzima, ataulizwa nini? Akalala na simu karibu na mto, na usingizi haukuja upesi.

Alfajiri akasali. Akaenda jikoni, akajaza glasi, akainywa yote amesimama. Akarudi kitandani, akachukua simu, na kwa mara ya kwanza akapiga yeye.

"Mama? Kuna nini?" Sauti ya Mudrik ilikuwa ya usingizi na hofu.

"Nshakunywa," akasema.

"Umekunywa nini? Si dawa imekwisha?"

"Maji."

Akamsikia Muzdalifa anauliza ni nani, akamsikia Mudrik anamjibu, "Mama." Uso ukamwaka kwa haya, akataka kukata.

"Glasi nzima?" akauliza Mudrik.

"Nzima."

"Haya," akasema mwanawe, taratibu. "Na ya adhuhuri usisahau, mama. Ntakupigia."