Mtu Aliyesimama Chini ya Miwati

Memsahibu, mke wa Mzungu mwenye shamba, aliichora miti yetu ya miwati ya Nyansiongo asubuhi kumi mfululizo. Mume wangu Abner, aliyekuwa akiichuna magome, akaambiwa asimame chini yake asitikisike. Nilipoiona picha nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Vigogo vya zambarau! Vivuli vya buluu! Na Abner wangu, mwanamume mzima, amekuwa madoa matatu: la kahawia, la samawati la shati, na jeupe la kofia.

"Wewe Nyanchera huamki mapema ukatazama," Abner akaniambia. "Ukungu ukiinuka, jua likipenya, miti huwa hivyo hivyo."

Mwaka huohuo, sitini na mbili, homa ya mapafu ilimchukua. Hakuwahi kukanyaga studio ya mpigapicha, hata siku moja. Memsahibu alipouza shamba na kurudi kwao aliniachia ile picha, nami nikaitundika katika chumba chetu kimoja, hapohapo tulipokuwa tukipikia.

Bosibori alizaliwa baba yake yuko kaburini. Alipoanza kuelewa mambo, asubuhi nilikuwa nikimfungulia mlango mwanga uingie, nikimrudisha nyuma kutoka kwenye picha hatua kwa hatua. Ukiwa karibu ni rangi tu zilizopakwapakwa. Ukifika mlangoni, mtu anajitokeza, ameegemea mti, amechoka kidogo.

"Na uso, Mama? Tata alikuwa na uso gani?"

Kuuliza si ujinga, lakini mtoto huyu aliuliza habari za baba yake mpaka akanichosha. Siku moja nikamjibu kwa mkato: "Uso upo. Moshi umeufunika." Ulikuwa uongo mdogo, wa kumnyamazisha tu.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa, kabla jua halijatua, kila kitu nyumbani husuguliwa. Ijumaa moja ya mwaka sabini na tatu nilishuka mtoni kuteka maji, nikamwachia Bosibori sufuria na jivu. Niliporudi sufuria zilikuwa ziking'aa. Yeye alikuwa amechuchumaa, picha magotini, anaisugua kwa jivu lilelile na maji. Miwati ilikuwa imebaki vijiti vya kijivu, kama shamba lililoungua. Chini yake hapakuwa na mtu.

Nilimzaba kofi. Mungu anisamehe, nililijua kosa ni la nani hata kabla mkono haujashuka.

"Nilikuwa natafuta uso wake," alisema akilia. "Ulisema uko chini ya moshi."

"Haukuwapo, Bosibori. Memsahibu hakuuchora. Nilikudanganya."

Akajifuta kamasi. Kisha akauliza kwa upole ulioniuma kuliko kile kilio: "Basi niambie wewe, Mama. Wewe ulimwona."

Nikafumba macho. Nilitafuta pua, nikatafuta kidevu, nikatafuta hata yale macho yaliyokuwa yakinitania. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeiachia picha kazi ya kukumbuka. Uso wa mume wangu nilikuwa nimeusahau.