Namba Sitini na Tatu

Mazoea yana taabu. Kwa miaka sita binti mmoja alikuja ofisi ya ustawi wa jamii kufuatilia posho ya mama yake aliyepooza, na ilipotoka, mama alikuwa ameshazikwa. Miaka yote hiyo mlinzi wa mlangoni alimpa namba ya foleni. Asubuhi hii alipomnyooshea kikaratasi na kusema, "Shika, dada," binti alikipokea, akaenda zake kukaa kwenye benchi. Alisahau kabisa kwamba leo hakuja kuomba kitu. Alikuja kuanza kazi.

Usimcheke. Benchi lile lilikuwa linamjua. Feni ilizunguka polepole, harufu ya rangi mpya ikamlegeza, na sauti za kuita namba zikasikika kwa mbali, kama redio ya jirani. Ofisi ilikuwa imeajiri watu thelathini kwa mpigo, sura ambazo hata bosi hakuwa amezizoea, na madirisha yalitoka manne yakafika tisa. Manane yalikuwa wazi. La tisa lilikuwa limeshushwa pazia.

"Wameongeza watu, na mapumziko ya chai nayo yameongezeka," alinung'unika mama mmoja mzee pembeni yake, fomu mkononi. "Hii isipogongwa muhuri kabla ya saa nne, posho yangu inafutwa. Wameniambia dirisha langu ni hilo hilo la tisa. Na sasa hivi saa nne kasorobo."

Yule binti alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Hawajali watu hawa, mama."

"Mungu anamwona huyo wa tisa."

"Anamwona, mama. Anamwona kabisa."

Akaingiza mkono mkobani kutafuta leso, akagusa ufunguo. Ulikuwa na kibandiko cha namba tisa. Akaona haya mpaka masikioni.

Alipita mlango wa ndani mbio mbio, akapandisha pazia la dirisha la tisa, akatazama orodha iliyoachwa mezani.

"Namba sitini na tatu!"

Watu wakaangaliana.

"Sitini na tatu!"

Mama mzee alisogea dirishani, akamkazia macho. "Mwanangu, mimi ni sitini na nne. Sitini na tatu si wewe?"

Binti alifungua kiganja. Kikaratasi kilikuwa bado kimo, kimelowa jasho. Akakiweka chini ya orodha.

"Huyo alishachelewa, mama," alisema, akichovya muhuri kwenye wino. "Lete yako."