Mikono ya Eruera

...na bado hajaishusha mikono, ameinyoosha mbele yake viganja juu, mzee wa miaka themanini na mmoja, mume wangu, amesimama kando ya dawati la watoto, koti lake linachuruzika maji sakafuni, na huyu mama mwenye kofia ya utepe anacheka, anadhani Eruera anaigiza naye, "Ahaa, mwanafunzi mzuri huyu, desturi anazijua," na wageni wa madawati ya nyuma wanacheka pia, mmoja ametoa simu apige picha, cheka mama, cheka, sketi ya kizamani inaburuzika chini na viatu vya mpira vinachungulia... mvua inapiga bati, Julai yote imepiga, ila binti yetu Mereana kila Jumamosi lazima atutoe, kasoma mahali kwamba wazee waliopotewa na akili wanafaa kutembezwa, basi tunatembezwa kama mbwa, wiki iliyopita njia ya juu ya majabali, leo asubuhi njia ya ufukweni, upepo unatuziba midomo, Eruera akapiga magoti akawa anachimba kombe kwa vidole katika baridi ile, anajisemea kwa Kimaori, maana Kiingereza kimemtoka chote tangu mwaka jana, kimeng'oka kama meno, na Mereana ananiuliza, "Baba anasemaje, Mama?" nikamjibu, anasema una miguu minene, akacheka, maskini, hakujua kwamba ndivyo alivyosema kweli... "Haya, twendeni mahali pakavu," akatuleta hapa, kijiji cha makumbusho ya walowezi wa kizungu, vijumba vyao vya mbao vimebebwa kwa malori kutoka huku na kule vikapangwa mstari, vikapakwa rangi, hata vyungu vyao vya kukojolea vimehifadhiwa chini ya vitanda, na mimi kwa kuvicheka vyungu sikuangalia tunaingia wapi, hadi nikasikia harufu, chaki na sufu iliyolowa, shule, tumeshaketishwa, na mama wa kofia anaita majina kama mwalimu wa enzi hizo, mchezo tu, huucheza kila Jumamosi, "Na wewe kijana, upo?" Eruera akasimama wima, "Kei konei au," nipo hapa, kwa Kimaori, angejibu kwa lugha gani nyingine, na yule mama akatega sikio, "Sema vizuri, sijakusikia!" akapiga meza kwa mkanda wa ngozi, pa, kama anavyowapigia wageni wote, na mikono ikanyooka...

"Mama, mwambie aishushe," Mereana ananong'ona, mwambie wewe, nataka kumjibu, lakini hawezi, hajui neno la lugha yetu, sisi ndio tuliomnyima, Eruera alisema asifundishwe, asije akachapwa kama sisi, na mimi sikubisha, ningebisha kwa mdomo gani, mimi niliyekuwa nyuma ya tangi la maji, miaka saba, nimemwomba Eruera mkate kwa Kimaori, lugha iliyokatazwa shuleni, mimi, si yeye, mwalimu akasikia sauti akatokea, nani huyo, nani aliyesema, na kidole changu kikamwelekea Eruera, upesi, chenyewe, akachapwa sita kwa mkanda, tatu kila kiganja, hakulia, na tulipotoka akanikatia nusu ya mkate wake, nikasema moyoni huyu mjinga hakukiona kidole, nikaolewa naye kwa imani hiyohiyo, miaka hamsini na saba nampikia, nagombana naye, namfulia, hakukiona, hakukiona... nimemwinamia sikioni, nimemwambia kwa lugha yetu, shusha mikono, Eru, hapa si shule, ni mchezo wa wazungu, na yeye bila kugeuza uso, midomo haichezi, kama wafanyavyo watoto darasani, "Nyamaza, Kara, atakusikia"... Kara, nani kaniita Kara tangu utotoni, atakusikia, kwa hiyo alijua sauti ilikuwa ya nani, kwa hiyo alikiona kidole, alikiona akanikatia mkate, na mimi nikautafuna...

"Basi, mzee wangu, darasa limekwisha, kaa," anasema mama wa kofia, sasa hacheki, uso umempauka, yule mwenye simu ameirudisha mfukoni, Mereana anamvuta mkono, "Baba, twende, kuna chai kwenye gari, Baba," kama anavuta kigingi, mkono haushuki, Eruera anatetemeka kuanzia mabegani lakini haushuki, na mimi peke yangu humu ndani ndiye ninayejua kwa nini, haishushwi kabla ya sita, ukiishusha kabla zinaanza upya, moja, mbili, upya, hangoji kusamehewa, hangoji chai, anangoja zake sita zimalizike akae, na hakuna wa kumpa, wamejaa huruma wote, na akingoja hivi ataanguka... nami nimesimama, magoti yanalia, nimemwendea mama wa kofia, ameushika mkanda nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba, "Mama, unataka kufanya nini? Mama!" huyo Mereana, nyamaza mwanangu, nitagusa viganja tu, nitahesabu kwa sauti afike sita, mara ya pili achapwe kwa sababu yangu, mimi yuleyule, na mikono iko juu, na mvua inapiga, "Nipe huo mkanda," nimesema, na nimesema kwa Kiingereza, asije akaogopa kwa ajili yangu.