Nta Kichwani mwa Mzee Damas

Flavia alikuwa akimlisha baba yake uji wa mtama mlangoni pa nyumba yao, nje kidogo ya Sikonge, nyuki wa kwanza alipotua kwenye sikio la kulia la mzee, akapangusa miguu, akaingia. Mzee Damas aliendelea kumeza. Kwa miaka minne hakujua kijiko ni kitu gani, naye alimwita binti yake mayu, yaani mama, akidhani ndiye aliyemzaa. Bakuli lilipokwisha, nyuki walioingia walikuwa kumi na mmoja.

Flavia alimpakia kwenye lori la tumbaku akampeleka hospitali ya Kitete, Tabora. Hakuhofia nyuki. Alihofia tarehe ya baraza, iliyobakiza wiki sita.

Miaka kumi na sita nyuma, serikali ilikihamisha kijiji chao cha Mwamlonje kwa sababu ya mbung'o na malale, ikaahidi kuwarudisha ugonjwa ukiisha. Ugonjwa uliisha. Msitu ukawa hifadhi, na bwana mpya wa misitu akasema hajaona popote palipoandikwa kwamba hapo paliwahi kukaa watu. Wanaotaka kurudi walete barazani mtu wa kutaja mipaka na kila mti wenye mzinga. Mtu huyo alikuwa Mzee Damas. Wengine wote walioijua mipaka walikwisha kuzikwa.

Dresa wa zamu, msaidizi wa daktari aitwaye Silasi, alimwamkia mzee shikamoo, akaweka kipimo chake kwenye panja na kusikiliza.

"Wanajenga," alisema. "Unajua, mama, ubongo wa mzee husinyaa. Mishipa ya fahamu imevaa utando wa mafuta. Uzeeni utando unapukutika, basi habari zinavuja njiani kabla hazijafika. Hawa wanaipaka upya kwa nta."

"Watamuuma?"

"Wana kazi, hawana nafasi ya kuuma."

Alimpa vidonge vinne vya aspirini, akaita mgonjwa mwingine.

Wiki ya kwanza mzee alikijua kijiko. Wiki ya pili alidai suruali yake ya kanisani, iliyokwisha kugawiwa. Siku ya ishirini na tatu alimtazama binti yake akisonga ugali, akasema, "Flavia, mbona umekonda hivyo?" Flavia alitoka nje akalia kwa furaha mpaka ugali ukaungua, nao wakaula hivyo hivyo.

Baraza lilichukua siku mbili. Karani Humaidi, mtu wa mjini Tabora mwenye mwandiko mzuri, aliandika kila neno. Mzee Damas alianzia mashariki, kwenye njia ya zamani ya misafara, mahali baba yake alipokuwa akitua pembe za ndovu na kujikanda bega. Alizunguka mpaka wote bila kukosea kijito wala kichuguu. Kisha akataja miti mia tatu na kumi na miwili, mmoja mmoja: mninga huu, mtundu ule, mzinga wa nani, alama yake mikato mingapi. Mara moja moja nyuki alitoka sikioni, akazunguka kidau cha wino, akarudi. Karani aliuliza kama nao waandikwe mashahidi. Bwana wa misitu alisema hapana.

Mzee alitaja hata mizinga ambayo watu wa Mwamlonje walikuwa wakiirina kwa siri miaka yote ya hifadhi. Watu walikaa nyuma yake kwenye mabenchi wakiitikia kwa kichwa. Kwao, mzinga uliotajwa alama yake mbele ya watu umekwisha kulindwa. Hata adui yako hataugusa. Haikuwapitia akilini kwamba yule bwana hakulelewa hivyo.

Bwana alisifu ramani iliyochorwa kwa maneno ya mzee. Alisema hajapata kuona ramani safi kama ile, na nadhani alisema kweli.

Wiki tatu baadaye askari wa misitu waliingia nayo. Walikwenda mti kwa mti, wakateremsha mizinga mia tatu na kumi na miwili, wakaichoma. Hawakuukosa hata mmoja. Wanaume tisa walifungwa miezi sita kwa kuingia hifadhini, mume wa Flavia akiwa mmojawao. Kisha barua ikaja: serikali inakubali kwamba Mwamlonje ilikuwako, na hairuhusu mtu kurudi.

Mzee Damas aliisikiliza barua ikisomwa mara moja tu. Hakuhitaji kurudiwa. Siku mbili hakula.

"Nifukizie nyuki hawa, mwanangu," alisema siku ya tatu.

"Baba, utanisahau tena."

"Nitakuita mayu. Si jina baya."

Flavia aliwasha gome, akapuliza moshi kwenye sikio la baba yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mzee alikohoa, machozi yakamtiririka. Hatimaye nyuki walitoka wote kwa mkupuo mmoja, wakainuka juu ya paa, wakaelekea msituni.

Walirudi kabla jua halijatua. Huko hapakuwa na mzinga wa kukaa. Walitua kwenye bega la mzee, wakapanga foleni, wakaingia mmoja mmoja.

Kesho yake Mzee Damas aliamka anakumbuka kila kitu.